Stevie Wonder, karanga za Nachingwea na macho ya njiti

Wadau, wengi tukimwona Stevie Wonder na miwani yake myeusi tunadhani kazaliwa kipofu. Si hivyo. Alizaliwa tarehe 13 Mei 1950 huko Saginaw, jimbo la Michigan, Marekani, wiki 6 kabla ya wakati wake. Kwa Kiswahili chetu alikuwa njiti. Akawekwa kwenye kile kisanduku cha kumpa joto, akapewa oksijeni, akaishi. Macho yakaharibika humo humo, na kilichoyaharibu ni tiba ile ile iliyomwokoa.

Shika hiyo tarehe, Mei 1950, halafu tuje kusini mwa Tanzania. Mwezi huo matingatinga ya Waingereza yalikuwa bado yananguruma Nachingwea, yakifyeka pori kwa ajili ya karanga. Kama kuna mtoto aliyezaliwa Ruponda siku moja na Stevie, mimba ikiwa na umri ule ule, hakukuwa na kisanduku wala mtungi wa oksijeni uliomsubiri. Angefunikwa nguo, angelazwa karibu na moto, na huenda asingefika arobaini. Oksijeni isingempofusha kwa sababu oksijeni yenyewe haikuwepo.

Ukoo wa mama yangu ni wa Ruponda, kwa hiyo tofauti hiyo inanigusa. Kwa asiyepajua, Ruponda ni kata ya wilaya ya Nachingwea, nchi ya Wamwera, ya korosho na ufuta. Ruangwa nayo ilikuwa sehemu ya Nachingwea mpaka ilipokatwa na kuwa wilaya mwaka 1995. Nikamuuliza bibi yangu, ambaye alishazalisha wanawake wengi pale kijijini, zamani njiti mlikuwa mnawafanyaje? Akanijibu: "Mjukuu wangu, njiti alikuwa wa Mungu. Tulikuwa tunangoja tu." Kisha akaniuliza swali ambalo ndilo limenikalisha chini kuandika haya: "Na siku hizi wanaopona, wanakuwa wazima kabisa?"

Turudi Boston. Mwaka 1942 daktari wa macho Theodore Terry aliandika kuhusu watoto aliowaona wakiwa na utando mweupe nyuma ya lenzi ya jicho. Wote walikuwa njiti. Terry alikufa mwaka 1946 bila kujua chanzo, na huku nyuma wagonjwa wakawa wanaongezeka kila mwaka. Kilichowachanganya madaktari ni kwamba ugonjwa ulikuwa mkali zaidi kwenye hospitali bora. Kwenye wodi maskini, zenye vifaa duni, ulikuwa haba. Hebu fikiria, unajenga wodi ya kisasa, unanunua visanduku vipya visivyovuja hewa, unaajiri wauguzi hodari, na zawadi yako inakuwa watoto vipofu.

Walishuku kila kitu: maziwa, vitamini, madini ya chuma, mwanga wa taa. New York, William Silverman na wenzake wakajaribu dawa ya homoni inayoitwa ACTH, na watoto wengi wakaonekana kupona. Furaha kubwa. Kisha wakafanya jambo ambalo zama zile wengi hawakulifanya: wakawagawa watoto kwa bahati nasibu, hawa wanapewa dawa, hawa hawapewi. Waliopewa dawa ndio waliopofuka zaidi na kufa zaidi. Wale wa mwanzo walikuwa wamepona wenyewe, kwa sababu ugonjwa huu kwa watoto wengi huanza na kuisha bila tiba. Likumbuke hilo, litarudi.

Mwaka 1951 daktari wa watoto Kate Campbell wa Melbourne, Australia, akanyoosha kidole kwa oksijeni. Alikuwa amelinganisha hospitali zilizoitoa bure na zile ambazo wazazi walilipia. Palipolipiwa ilitumika kidogo, na vipofu walikuwa wachache. Washington, kijana Arnall Patz alikuwa anafanya jaribio lake: kundi moja oksijeni nyingi, jingine kidogo. Inasimuliwa kuwa usiku baadhi ya wauguzi walikuwa wakifungua oksijeni kwa siri kwa watoto wa kundi la pili, wakiamini daktari huyu kichaa anataka kuwaua. Siwalaumu hata kidogo. Unamwona mtoto anageuka bluu mbele yako, na mtungi uko pembeni!

Jaribio kubwa la hospitali 18 za Marekani, lililoanza 1953, likamaliza ubishi mwaka uliofuata. Ilikuwa oksijeni. Kufikia hapo inakadiriwa watoto wapatao 10,000 duniani walikuwa wamepofuka. Hospitali zikafunga mitungi, vipofu wakapungua ghafla, pongezi zikamiminika.

Hapo ndipo wengi huishia kuisimulia hadithi hii, na mimi naona wanaikata pabaya. Mwaka 1973 Kenneth Cross wa Uingereza alipiga hesabu ya vifo vya watoto wachanga vilivyofuata baada ya oksijeni kubanwa. Kwa makadirio yake, kwa kila mtoto mmoja aliyeokolewa asipofuke, watoto kama 16 walikufa. Kumbe wale wauguzi wa usiku nao walikuwa na hoja. Na msidhani suala limeisha: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010 ulilinganisha viwango viwili vya oksijeni kwenye damu ya njiti, asilimia 85 hadi 89 na asilimia 91 hadi 95. Kiwango cha chini kiliokoa macho, kikaongeza vifo. Hivyo madaktari wengi wakabaki na ile njia nyembamba ya 90 hadi 95, ambayo huwezi kupita kama huna kile kifaa kidogo cha kubana kwenye mguu wa mtoto kinachoonyesha namba, na mtu wa kuitazama namba usiku kucha.

Kwa nini hewa impofushe mtu? Retina ni lile pazia jembamba ndani ya jicho, upande wa nyuma, linalopokea mwanga. Mishipa yake ya damu huanza kuota mtoto akiwa na wiki kama 16 tumboni. Inaanzia katikati nyuma ya jicho, inatambaa kwenda pembeni, na haimalizi safari mpaka inakaribia wiki ya 40. Tumboni oksijeni ni kidogo, na uchache huo ndio unaoivuta mishipa isonge mbele. Sasa mtoto wa wiki 28 anatoka nje mishipa ikiwa njiani. Ukimmiminia oksijeni, retina inashiba, mishipa inasimama. Wiki chache baadaye retina imekua, sehemu isiyo na mishipa ina njaa, inaita kwa nguvu, na mishipa mipya inaota ovyo kama magugu. Inavuja, inajenga kovu, na kovu linaivuta retina mpaka inabanduka. Isaac Michaelson alishabashiri mwaka 1948 kuwa kuna kitu fulani ambacho retina yenye njaa hukitoa ili kuita mishipa. Ilibidi kungoja hadi 1989 Napoleone Ferrara na wenzake wa California walipokitenga na kukipa jina, VEGF.

Angalia hapo muda. Jicho haliharibiki siku mtoto anapozaliwa, wala siku anapopewa oksijeni. Linaharibika wiki kadhaa baadaye, wakati mtoto ananyonya, anaongezeka uzito, na kila mtu nyumbani anashukuru.

Tiba ya mwanga ilianza kwa njia ya ajabu. Julai 1945 jua lilipatwa Ulaya, watu wakalitazama kwa macho makavu, wengine wakaungua retina. Daktari Mjerumani Gerd Meyer-Schwickerath alipoona kovu la namna hiyo kwa mwanafunzi mmoja, akajiuliza: kama jua linaunguza retina, kwa nini tusiliunguze kovu tunalolitaka sisi? Akaanza kutumia jua lenyewe, likielekezwa kwa vioo ndani ya jicho la mgonjwa. Siku ya mawingu, hakuna kazi! Baadaye kampuni ya Zeiss ikamtengenezea taa kali ya gesi ya xenoni. Taa hiyo ndiyo aliyoitumia Nagata wa Japani mwaka 1967 kuwatibu njiti wawili, akachapisha matokeo mwaka uliofuata. Theodore Maiman alikuwa ameshawasha leza ya kwanza duniani mwaka 1960, lakini kwa njiti leza ilichelewa. Kabla yake Wamarekani walitumia ubaridi: kijiti chenye baridi kali kinagusishwa nje ya jicho na kugandisha retina. Matokeo ya jaribio lao kubwa, yaliyotoka 1988, yalionyesha kuwa ubaridi ulipunguza matokeo mabaya karibu nusu. Miaka ya 1990 ikaja leza ndogo ya kubebeka, mwanga wake unatoka kwenye taa ambayo daktari anaivaa kichwani, na ubaridi ukawekwa kando.

Leza haiponyeshi kwa maana tuliyoizoea. Inachoma kwa makusudi ile sehemu ya pembeni isiyo na mishipa, yenye njaa, ili iache kuita. Daktari anapiga doa baada ya doa, mara nyingi zaidi ya 1,000 kwa jicho moja, huku kope zikiwa zimeshikiliwa na kiwaya kidogo. Mtoto anapoteza kiasi cha uwezo wa kuona pembeni ili abaki na katikati, pale anaposomea na kumtambua mama yake. Na huyo mgonjwa pengine ana kilo 2. Ukimpa dawa ya usingizi anaweza kusahau kupumua. Kwa hiyo ukinunua mashine ya leza peke yake hujanunua kitu. Unahitaji bingwa wa retina, mtu wa usingizi, na wodi ya watoto wachanga ya kumpokea akitoka.

Kuna mwaka mmoja ninaopenda kuutazama kwa jicho la Ruponda: 2003. Agosti mwaka huo Daraja la Mkapa lilifunguliwa kwenye Mto Rufiji. Kabla ya hapo msafiri wa Dar kutoka Lindi au Mtwara alitegemea kivuko cha Ndundu, na masika yakikolea basi lilikuwa linalala njiani. Desemba mwaka huo huo utafiti wa Marekani ulioitwa ETROP ulibadilisha tiba: msingoje ugonjwa ukomae, tibuni mapema. Matokeo mabaya ya retina yalishuka kutoka asilimia 15.6 hadi 9.1. Sharti lake ni kwamba ugonjwa ukifikia kiwango cha hatari, leza ipigwe ndani ya saa 48, au 72 kwa miongozo mingi iliyofuata. Saa 72! Kipande cha barabara cha Ndundu hadi Somanga kilikaa miaka mingi zaidi bila lami hata baada ya daraja.

Wakati huo hesabu zetu zilikuwa nyingine. Profesa Clare Gilbert wa London, aliyezunguka shule za wasioona katika nchi nyingi, aliandika mwaka 1997 kwamba ugonjwa huu unahamia nchi za kipato cha kati, Amerika ya Kusini na Ulaya Mashariki, ambako visanduku na oksijeni vimefika lakini wapimaji wa macho bado. Afrika yetu haikuwa kwenye orodha. Si kwamba tulikuwa na bahati. Njiti wetu walikuwa wanakufa. Kwa makadirio ya mwaka 2010, njiti 20,000 duniani walipofuka au kubaki na uoni hafifu sana kwa ugonjwa huu, na wengi walikuwa wa nchi hizo za kati.

Sasa tazama kilichotokea hapa nyumbani. Vifo vya watoto wachanga Tanzania vimeshuka, polepole lakini vimeshuka: takwimu za taifa za 2004/05 zilionyesha 32 kwa kila 1,000 wanaozaliwa hai, na za 2022 zikaonyesha 24. Wodi za watoto wachanga wagonjwa zimefunguliwa katika hospitali nyingi za mikoa na wilaya. Mama kumbeba njiti kifuani ngozi kwa ngozi, mbinu iliyoanzia Bogotá mwaka 1978, ni jambo la kawaida. Mpango wa NEST360 ulianza 2019 kuleta vifaa vya watoto wachanga Tanzania, Kenya, Malawi na Nigeria. Baada ya UVIKO-19 ikaja mitambo ya kuzalisha oksijeni. Doris Mollel, ambaye mwenyewe alizaliwa njiti, amewapigania kwa sauti kubwa mpaka sheria ya likizo ya uzazi ikabadilishwa kwa ajili ya mama zao. Ni mambo mazuri yote, sina kejeli. Ingawa mkulima wa korosho hana mwajiri wa kumwomba likizo.

Majirani walishaanza kuhesabu. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, ilichapisha mwaka 2018 kwamba kati ya njiti 103 waliochunguzwa, 43 walikuwa na ugonjwa kwa kiwango fulani. Wengi walikuwa na hali nyepesi, ile inayoisha yenyewe kama nilivyosema juu. Rwanda ilianzisha upimaji na tiba, na ripoti yao ya 2020 ikasema kati ya watoto 424 waliopimwa, 31 walikuwa nao na baadhi yao walihitaji kutibiwa. Namba ndogo? Soma ndani. Baadhi ya hao 31 walizaliwa baada ya wiki 30 na wakiwa na zaidi ya gramu 1,500. Kwa kipimo cha Marekani wasingepimwa kabisa. Oksijeni isiyopimwa vizuri inawapofusha hata watoto wakubwa ambao kwingine wasingeguswa, jambo lile lile la Boston ya miaka ya 1940.

Hapa ndipo karanga zinaponirudia. Waingereza walileta Nachingwea matrekta, reli, hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa vya kulima. Mwaka 1951 mradi ukafa ukiwa umekula pauni milioni 36 hivi, kwa sababu mashine zilitangulia kabla hawajaujua udongo na mvua. Sisemi mtungi wa oksijeni ni kama trekta la karanga, maana mtungi unaokoa kweli. Lakini mashine kutangulia na ujuzi kufuata baadaye, sisi watu wa kusini tunalijua kwa jina.

Basi mtoto wa Ruponda wa wiki 30 anayepona leo, safari yake ikoje? Kipimo cha kwanza cha macho kinatakiwa akiwa na wiki kama 4 tangu kuzaliwa. Wiki hiyo pengine ameshatoka hospitali. Jicho kwa nje ni zuri, jeusi, linang'aa. Gari la M-mama hubeba dharura za uzazi na za watoto wachanga, na mtoto anayenyonya vizuri haonekani dharura kwa mtu yeyote. Mabingwa wa retina wamejikusanya Dar es Salaam na miji michache mingine, na kutoka Nachingwea hadi Dar ni zaidi ya kilomita 500. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, iliyoanza kazi Mtwara mwaka 2021, imesogeza mambo mengi karibu. Lakini ugonjwa huu haupimwi mara moja. Ni kila wiki moja au mbili, mpaka mishipa imalize safari yake.

Kuna wanaosema leza imepitwa, siku hizi ni sindano. Ni kweli tangu 2011 imethibitika kuwa dawa za kuzuia VEGF zikidungwa ndani ya jicho zinafanya kazi, ni za haraka na hazihitaji mashine kubwa. Ila dawa inaisha nguvu, na ugonjwa unaweza kurudi miezi kadhaa baadaye. Mtoto lazima arudishwe tena na tena. Leza ikifanyika sawasawa, mara nyingi inamaliza. Kwa mtoto wa Masaki, mama na daktari wachague. Kwa mtoto wa Ruponda ambaye huna uhakika utamwona tena, mimi ningependa apate leza, hata kama kwenye karatasi sindano inaonekana rahisi.

Wahindi wa Karnataka walilikabili hili mwaka 2008 kwa mpango wao wa KIDROP. Hawakungoja mabingwa wahamie wilayani. Waliwafundisha mafundi kupiga picha za retina, wakawapakia kwenye gari pamoja na kamera, wakazunguka hospitali za wilaya kwa ratiba isiyobadilika, picha zikisomwa na bingwa aliyeko Bangalore. Daktari na leza vinamfuata yule mmoja anayehitaji, si mamia wote kuifuata leza. Sioni kwa nini gari kama hilo lisianzie Hospitali ya Sokoine, Lindi, na kupita Nyangao, Nachingwea na Ruangwa.

Nilimweleza bibi haya yote, nikamwambia kuhusu wiki ya 4. Akahesabu kwa vidole, kwa kalenda yake. Njiti wa Oktoba, wiki ya nne ni Novemba, korosho zinauzwa, nauli ipo. Njiti wa Januari, wiki ya nne ni Februari. Akatikisa kichwa. Februari mvua inanyesha, watu wako shambani, na hela ya korosho imeshakwisha.